Mandari: Historia ya Matembezi, Bustani na Kivuli Kisiwani Unguja

Historia ya Unguja imezoea kuandikwa kwa wino wa mikataba na moshi wa baruti. Mwanafunzi wa skuli anaijua asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipolipiga jumba la mfalme katika vita visivyotimia saa moja. Anaijua pia miaka ya utawala wa kila Sayyid, na tarehe ya kila amri iliyotiwa muhuri. Asichofundishwa ni jambo dogo ambalo kila nyumba ya kisiwa hiki inalijua bila ya kitabu: kwamba watu hawa, katikati ya mikataba yote hiyo, walikuwa na siku zao za kufunga mlango, kubeba sufuria ya pilau na mkeka wa kukalia, na kwenda zao shamba au pwani kupunga upepo.

Kiswahili kinalo neno lake kwa safari ya namna hiyo, nalo ni mandari. Ni ndugu wa mandhari, na undugu huo haukuja bure, kwani anayekwenda mandari huenda kulitazama jambo jema: bahari iliyotulia, bonde lenye mikarafuu, au watoto wanaogombea embe moja na hali mti mzima umewainamia. Jambo hili ni jepesi, na linastahiki kuzungumzwa kwa wepesi. Lakini akifuatwa aliyeketi kivulini, akaulizwa kivuli hicho kilipandwa na nani na kwa ruhusa ya nani, maneno mepesi huanza kuwa na uzito.

Kabla ya majumba na bustani za wafalme, palikuwapo majira. Watu wa pwani waliugawa mwaka wao kwa pepo na mvua. Kaskazi huvuma tangu Disemba hadi Machi pamoja na joto lake. Masika hufuata na mvua kubwa. Kusi na kipupwe huleta ubaridi wa katikati ya mwaka. Vuli hufunga mlango kwa mvua ndogo. Juu ya majira hayo palikuwapo hesabu ya mwaka wa jua, mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365 zilizogawanywa makumi kwa makumi. Kila kumi liliitwa mwongo. Mkulima aliutazama mwongo ili ajue siku ya kutia mbegu, na nahodha aliutazama ili ajue siku ya kutweka tanga. Mwezi wa Kiislamu uliongoza ibada. Mwongo uliongoza jembe na jahazi. Hivyo, aliyehesabu siku za kulima ndiye aliyehesabu na siku za kupumzika, na kalenda ilikuwa moja.

Ushahidi wa hayo umesalia Makunduchi, kusini mwa kisiwa, ambako Mwaka Kogwa husherehekewa kila mwezi wa Julai. Jina lenyewe linaeleza: ni mwaka unaokogwa, mwaka unaooshwa kwa maji ya bahari. Wanaume hupigana kwa migomba mpaka hasira za mwaka mzima ziishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake hupita wakiimba, kisha watu hula pamoja. Mila inataka kila nyumba iwe na mgeni siku hiyo, na asiye na mgeni huona kama amepungukiwa. Asili ya Nairuzi ni Uajemi, lakini migomba ni ya Makunduchi, na nyimbo ni za Makunduchi. Jambo la kukumbukwa ni kwamba siku hii haikutolewa na jumba lolote la kifalme. Wakulima na wavuvi walijipa wenyewe.

Raha za wafalme zilikuja na sura nyingine. Sayyid Said bin Sultan alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, na muda si mrefu akawa na jumba lake Mtoni, kaskazini ya mji, mahali ambapo kijito cha maji matamu huingia baharini. Maisha ya jumba hilo yanajulikana kwa ukaribu usio wa kawaida, kwa sababu mmoja wa watoto waliozaliwa humo aliyaandika. Bibi Salme bint Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani na kuitwa Emily Ruete. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Ndani yake mna ua mpana uliojaa tausi, paa na mbuni. Mna mahamamu yaliyokuwa na watu tangu alfajiri hadi usiku, na michungwa iliyosimama karibu yake. Mna baba aliyekuwa akizunguka katika roshani yake juu ya bahari, akizitazama meli kwa darubini. Sayyid Said aliigawa wiki yake baina ya Mtoni na mji, kama afanyavyo leo mtu mwenye kazi mjini na nyumba shamba.

Ladha hiyo ilienea mabondeni. Kidichi, juu ya mlima wenye mikarafuu, Sayyid Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, binti wa ukoo wa mashaha. Kuta zake zilinakishiwa kwa chokaa maua, ndege na mitende, na kuba zake zimesimama hadi leo. Beit el Ras ilianzwa lakini haikumalizika, kwani mwenyewe alifariki baharini mwaka 1856. Mwanawe Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliongeza Marahubi na Chukwani. Marahubi iliungua mwaka 1899, na nguzo zake zikabaki zimesimama bila ya kubeba kitu. Mapito ya maji ya Barghash yalikuwa na bahati njema zaidi. Aliyaleta mjini maji ya chemchemi za upande wa Bububu, na kwa kitendo hicho alitia maji si katika mabafu tu, bali pia katika kila kopo la mrehani lililowekwa uani na mwanamke wa mjini.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Bibi Salme anakadiria kuwa Mtoni peke yake palikaa watu elfu moja hivi. Wengi wao hawakuwa wageni wala jamaa, walikuwa watumwa. Mikono yao ndiyo iliyochota maji ya mahamamu, ikafagia majani chini ya michungwa, ikapanda mikarafuu iliyolipia tausi na darubini. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, wao ndio waliotiwa kuipanda upya. Soko la watumwa mjini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe uliondolewa nguvu ya sheria mwaka 1897. Kati ya miaka hiyo na kabla yake, mandari ya mmoja ilikuwa kazi ya mwengine. Kumbukumbu ya kitoto ya Mtoni ni tamu, na utamu wake ni wa kweli. Lakini msomaji mwadilifu husikia nyuma ya kicheko cha watoto wale sauti ya ndoo ikishushwa kisimani na mtu asiyetajwa jina.

Baada ya mwaka 1897 swali lilibadilika. Aliyekuwa mtumwa sasa aliweza kuondoka, na wengi waliondoka. Lakini wengi pia walibaki mashambani, kwa mapatano. Mwenye shamba alihitaji mtu wa kupalilia chini ya mikarafuu na kuichuma msimu ukifika. Mkaaji alihitaji mahali pa kujenga kibanda na kulima chakula. Kwa hivyo aliruhusiwa kupanda muhogo, viazi, mbaazi na choroko katikati ya miti ya mwenyewe. Hakuruhusiwa kupanda mti wa kudumu. Sababu ilikuwa wazi kwa pande zote mbili. Kwa desturi ya pwani, ardhi inaweza kuwa ya mmoja na miti iliyo juu yake ikawa ya mwengine, na aliyepanda mnazi ana haki katika mnazi wake. Muhogo ukishavunwa, haki ya aliyeupanda huondoka nao. Mwembe hubaki miaka mia, na kila mwaka humtaja aliyeupanda.

Kanuni hiyo ndogo ndiyo ufunguo wa historia yote ya bustani katika kisiwa hiki. Tofauti baina ya watu haikuwa ya nani analima na nani halimi, maana masikini alilima zaidi ya wote. Ilikuwa tofauti baina ya mwenye kupanda kitakacholiwa msimu huu na mwenye kupanda kitakachomfunika mjukuu wake. Kivuli kilikuwa mali, na si kila mtu aliruhusiwa kukirithisha.

Watu hawakungoja ruhusa ili wafurahi. Msimu wa karafuu, kwa mfano, ulikuwa kazi ngumu, na ulikuwa pia sikukuu ndefu. Familia nzima ziliondoka mjini na vijijini kwenda kupiga dago, khasa Pemba, ambako kimbunga cha 1872 hakikufika na ambako karafuu zilizidi kuwa nyingi kuliko za Unguja. Vijana walipanda juu ya matawi, wanawake na watoto walichuma ya chini, na ujira ulipimwa kwa pishi. Usiku watu walikaa duara kuzichambua, makonyo huku na karafuu huku, na kazi hiyo ya vidole iliuacha ulimi huru. Hapo ndipo vilipotegwa vitendawili, zikaimbwa nyimbo, na zikaanza posa ambazo wazee walizijua baadaye. Asubuhi karafuu zilianikwa juu ya majamvi, na yeyote aliyewahi kupita karibu yake anajua kwamba harufu ile humfuata mtu mpaka nyumbani.

Mjini nako, watu wengi waliotoka katika utumwa walihamia Ng'ambo, upande wa pili wa hori. Huko walijenga nyumba juu ya ardhi ambayo baadaye walitakiwa kuilipia kodi, na malalamiko ya kodi hiyo yalifikia mgomo mkubwa mwaka 1928. Asiyekuwa na ardhi alikuwa na ua, na asiyekuwa na ua alikuwa na kopo. Bustani ya mwanamke wa Ng'ambo, na ya mwenziwe wa Mji Mkongwe aliyekaa nyuma ya mlango wa nakshi, ilikuwa moja: mrehani, mwasumini, mwaridi, na kwa mwenye nafasi, mkilua na mlangilangi. Hakuna kati ya mimea hiyo unaoliwa. Yote ni ya harufu. Jioni maua yaliyochumwa yalifungwa pamoja kuwa kikuba, kikapachikwa kifuani au kichwani, na aliyekivaa alipita njiani akiwa amebeba bustani yake. Washairi wa pwani wameyaimba maua haya kwa vizazi vingi, na huwa rahisi kusahau kwamba mtu fulani aliyamwagilia kwa mkono kabla hayajaingia katika ubeti.

Mwaka 1905 matembezi yalipata magurudumu. Kampuni ya Kimarekani ilijenga reli ya maili saba hivi kutoka mjini, karibu na Ngome Kongwe, kupita katika njia nyembamba za Malindi mpaka Bububu. Gari moshi lilipita karibu sana na milango ya watu, na mwenye kukaa barazani ilimbidi akunje miguu. Mwaka huohuo ilianzishwa Ikhwani Safaa, chama kikongwe cha taarabu kinachoendelea kupiga hadi leo. Hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini yanasema neno moja juu ya mji wa wakati ule: starehe zilizokuwa za jumba la mfalme zilikuwa zikitoka nje ya kuta zake. Taarabu ilikuwa imeingia nchini kwa mlango wa Barghash, na baada ya miaka si mingi sauti ya Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, iliitoa mpaka kwa wauza samaki. Na safari ya Bububu, iliyokuwa ya punda wa fahari na watumwa wakikimbia mbele, sasa ilinunuliwa kwa tikiti.

Watu wengi husimulia kwamba mahali pale pameitwa Bububu kwa sababu ya mlio wa gari moshi. Ni hadithi ya kupendeza, na watembezaji wa wageni huipenda mno. Ila Bibi Salme, aliyewahi kukaa Bububu kabla ya kuondoka Unguja, anaitaja kwa jina hilohilo katika kitabu cha mwaka 1886, miaka 19 kabla ya reli. Gari halikulipa bonde jina, lililikuta. Wapo wanaosema kuwa jina hilo ni sauti ya maji yanayobubujika katika chemchemi, na hao angalau chemchemi yao ilikuwako. Reli yenyewe haikuishi sana. Magari ya barabarani yaliishinda katika miaka ya 1920, na leo daladala huifuata njia ya kwenda Bububu kwa kelele zinazoishinda reli.

Bustani nazo zilifunguka moja moja. Iliyokuwa bustani ya wanawake wa Sayyid Barghash, upande wa Vuga, iligeuzwa kuwa bustani ya umma mwishoni mwa karne ya 19 na kupewa jina la Malkia Victoria. Mbele ya Ngome Kongwe, mahali palipopita reli, palitengenezwa bustani ya kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Haroub mwaka 1936. Watu hawakuhangaika na jina rasmi. Waliiita Forodhani, kwa kuwa hapo palikuwa na forodha, na Forodhani ikabaki. Kuanzia magharibi kuingia, familia hufika na watoto walioogeshwa na kuvishwa, muwa hukamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, pweza hugeuzwa juu ya makaa, na vijana huruka baharini kutoka ukutani kwa mikogo ambayo hakuna mzazi aliyewahi kuifurahia. Bustani hiyo ilichakaa, ikafanyiwa matengenezo makubwa, na kufunguliwa upya mwaka 2009. Aliyetaka kwenda mbali zaidi alipanda mashua hadi Changuu, kisiwa kilichojengwa gereza mwaka 1893 likaishia kuwa karantini. Huko watoto walikwenda kuwalisha majani makobe wakubwa wa asili ya Shelisheli, ambao hawakupata kumfanyia haraka mtu yeyote.

Lakini mlango wa bustani ukiwa wazi, mlango wa shamba ulikuwa bado umeegemezwa. Kanuni ya mti wa kudumu iliendelea, na katika miaka ya mwisho ya 1950 wakaaji wengi walifukuzwa mashambani kwa sababu za kisiasa. Wapo walioacha nyuma yao vibanda na mihogo ambayo haijakomaa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitaifishwa, na tangu 1965 iligawiwa kwa wakulima kwa vipande vya eka tatu. Ugawaji huo ulikuja baada ya damu nyingi kumwagika na ulikuwa na maumivu yake, na familia nyingi zilizopoteza kila kitu na kuhama zingali zikiyataja mashamba yao kwa majina ya miti. Hata hivyo, kwa aliyepewa eka tatu, jambo moja lilikuwa jipya kabisa. Mtu ambaye babu yake alipanda muhogo chini ya miti ya mwengine sasa aliweza kuchimba shimo na kutia mche wa mwembe bila ya kumwomba mtu.

Ndiyo maana mandari ya watu wa kawaida, kama inavyojulikana leo, ni changa kuliko inavyodhaniwa. Siku ya skuli kufungwa, siku ya pili au ya tatu ya Idd, au Jumapili yoyote ya kaskazi, ukoo mmoja hukusanyika kwa bibi shamba. Mashangazi hupika chini ya mti, wajomba husinzia, watoto hupanda matawini na kutumwa kuteremka, kisha hutumwa tena kupanda kuangusha madafu. Jioni hurudi mjini na vikapu vya maembe, mafenesi na malalamiko. Hakuna anayeona kuwa amefanya jambo la kihistoria. Amekula, amecheka, amechoka.

Nayo historia hiyo inaweza kufungwa kimyakimya kama ilivyofunguliwa. Barabara ya Mtoni hadi Bububu nyumba zake zimesogeleana. Mashamba mengi yaliyouzunguka mji yamekatwa kuwa viwanja, na eka tatu zikigawanywa kwa warithi, kisha kwa wanunuzi, hubaki futi za kutosha ukuta na choo. Hakuna wa kulaumiwa kwa kutaka nyumba. Watu wamekuwa wengi na kisiwa hakikui. Huko Kidichi na Kizimbani, wageni hulipa fedha ili waonyeshwe mdalasini na mkarafuu vilivyo, na ni jambo jema kwa anayelipwa. Si jema ikiwa mtoto wa Mwembetanga naye atahitaji mtembezaji wa kumwonyesha mkarafuu.

Mtaa huo, Mwembetanga, una jina la mwembe, kama ulivyo Mwembeladu. Kisonge na Michenzani wanapita watu maelfu kila siku katikati ya majina ya miti wasiyoisimamia chini yake. Majina hayo ni kumbukumbu, na kumbukumbu ni kitu. Ila jina la mti halina kivuli. Waliokatazwa kupanda walijua thamani ya ruhusa hiyo kuliko wajukuu waliyoirithi. Kokwa la embe likitiwa ardhini masika haya, litachukua miaka mingi kabla ya kumfunika mtu mzima na mkeka wake, na anayelitia pengine hatakuwapo kukaa chini yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu hapo kwa kila mwembe wa Unguja uliopata kuandaliwa pilau chini yake.